Gemu lako limekuwa la kila mtu: namna ya kuwapokea wageni bila kubaki na kinyongo

Kama ulianza kucheza magemu enzi zile unaambiwa unapoteza muda, afu leo watu walewale wanabishana kuhusu sirizi iliyotoka kwenye gemu ulilolimaliza mara nne, najua kinachokukaa rohoni. Unafurahi na papo hapo unaumia. Mimi ilinikuta Januari 2023, sirizi ya The Last of Us, iliyotoka kwenye gemu la jina hilohilo, ilipoanza kuonyeshwa HBO, kituo cha tivi cha Marekani. Dada yangu, ambaye miaka yote alikuwa akipita nyuma ya kiti changu anasema "bado tu na hivyo vikaragosi vyako?", siku hiyo akaja mwenyewe, akavuta kiti akauliza, "Eti mdogo wangu, huyu Joel kwenye gemu naye yuko hivihivi?" Joel ndiye mhusika mkuu. Gemu lile limetoka 2013, yaani karibu miaka kumi nimelipenda peke yangu ndani ya nyumba ile, na kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni kilikuwa kumsimanga. Nikameza mate. Nilimjibu vizuri, na tangu hapo nimepokea wageni wengi, kwa hiyo nakupa nilichojifunza.

Kwanza jiulize kinachokuuma ni kipi hasa, maana huwa ni vitu vitatu vimechanganyika na watu wanavimwagia wote kwenye kichwa cha mgeni mmoja asiye na kosa. Kuna kidonda cha kuchekwa zamani. Kuna kupotea kwa kijiwe, kile kikundi cha watu wachache mliojuana kwa majina ya kwenye gemu, ambacho sasa kimejaa hadi hamjui nani ni nani. Na kuna biashara, pale gemu likishapendwa wenye nalo wanaanza kukuuzia kila kitu vipandevipande. Cha kwanza kinapona mtu akija kukuuliza kwa heshima, cha pili utakitengenezea kona yake, ntakwambia chini, na cha tatu hakimhusu mgeni hata kidogo, mgeni naye anakamuliwa kama wewe.

Usimpige mgeni mtihani. Ile ya "haya taja bosi wa tatu, yule adui mkubwa, ulianza mwaka gani, ushawahi kulimaliza kwenye ugumu wa juu?" iache kabisa. Hata sisi kuna siku tulikuwa hatujui kitu, ila tulipata bahati hakuna aliyekuwepo wa kutuuliza.

Hapa sasa ndio pa kukaa sana, kumpa mahali sahihi pa kuanzia. Wakongwe wengi tunakosea hapa, tunamtuma mtu kwenye gemu la kwanza kabisa eti ndio lenyewe la asili. Chukua Fallout. Sirizi ilitoka Aprili 2024, mtu ameiona, ana hamu, afu wewe unampeleka kwenye lile la 1997 ambalo unalitazama kwa juu, mnapigana kwa zamu, na una siku 150 tu za kutafuta chipu ya mtambo wa maji kabla watu wako hawajafa kwa kiu. Mimi nalipenda lile gemu kwa moyo wote ila kwa mtu aliyetoka kwenye tivi jana ni adhabu. Mpe Fallout 4 ya 2015 kwanza, akinogewa mpe New Vegas ya 2010, akifika hapo atalitafuta la 1997 mwenyewe bila kusukumwa. The Witcher vilevile, anzia la tatu, la 2015, hadithi yake inajitosheleza. Kwa aliyependa sirizi ya katuni ya Arcane mwambie ukweli mapema kwamba League of Legends, gemu ilikotoka, sio ile hadithi, ni mechi za watano kwa watano na kuna watu wasiokujua watakaokufokea ukikosea, kama anataka aingie basi mwingie wote na mpige mechi dhidi ya kompyuta mpaka azoee.

Kuhusu pedi, kile kidude cha vitufe unachoshika mkononi kuchezea. Jamani, pedi ndio inayofukuza watu wengi kuliko ugumu wa gemu lenyewe, na sisi hatulioni hilo kwa sababu vidole vyetu vishasahau kwamba vilijifunza. Analogi, vile vijiti viwili vya kusukuma kwa dole gumba, ya kushoto inatembeza mtu, ya kulia inageuza kamera, kuzitumia zote mbili kwa wakati mmoja ni kazi kubwa kwa anayeanza. Dada yangu dakika ishirini za kwanza alikuwa anaangalia dari na miguu ya Joel, anagonga ukuta, ananiangalia mimi badala ya skrini. Fanya hivi: mtafutie sehemu isiyo na adui, mwache azunguke tu chumbani, asome karatasi, afungue droo, robo saa nzima. Weka ugumu chini kabisa na washa maandishi ya maongezi. Toleo la 2022 la The Last of Us lina mipangilio kibao ya kusaidia, hadi ya kulenga shabaha, iwashe bila kumfanya aone aibu. Na USIMPOKONYE PEDI. Hata akifa mara tisa palepale, mwambie "jaribu kupita kulia" ukae kimya, siku ukiichukua na kumpitishia, gemu linarudi kuwa lako na yeye anarudi kuwa mtazamaji.

Spoila, yaani kumwambia mtu kitakachotokea kabla hajakifikia, ni sumu, hilo unalijua, ila kuna spoila ya uso pia. Ukikaa pembeni ya mtu unatabasamu dakika mbili kabla ya jambo kutokea, ushamwambia.

Na usidhani kwa vile ameona sirizi basi hamna kipya cha kumwonyesha. Kwenye The Last of Us kuna kitu unakifanya tena na tena, unasimama chini ya ukuta, unabonyeza kitufe, Joel anafumbata mikono, Ellie, yule binti anayesafiri naye, anakanyaga anapanda juu anakushushia ngazi, mpaka inakuwa mazoea huwazi tena. Afu kuna siku, karibu na mwisho, unabonyeza kitufe kilekile, Joel anajiweka sawa, Ellie haji. Amekaa kule mbali na mawazo yake. Dada yangu alibonyeza tena, akasema kwa sauti ndogo, "mbona haji?" Sirizi wameiweka ngazi na wale twiga wanaofuata baada yake pia, na alikuwa anajua twiga wanakuja, ila kule tivi anayeamua tukio liishe lini ni mwongozaji. Kwenye gemu mkifika pale juu mnawatazama twiga hakuna kinachokufukuza, mnasimama mpaka wewe mwenyewe uamue kuondoka. Aliweka pedi mapajani akakaa. Sijui ni dakika ngapi, mimi sikusema neno.

Hasira zako sasa, maana zipo na ni za haki, zipeleke kwa wenye gemu. Zinafanya kazi. Trela ya filamu ya Sonic, yule kiumbe wa bluu wa kwenye gemu, ilipotoka 2019 na yale meno ya kutisha watu walipiga kelele mpaka mwongozaji akamchora upya, filamu ikatoka 2020 na Sonic anayeeleweka. Gemu la Star Wars Battlefront II la 2017, makelele ya masanduku ya bahati nasibu, unayofungua bila kujua utapata nini, yalikuwa makubwa hadi ununuzi kwa pesa halisi ukazimwa kabla tu gemu halijatoka rasmi, na 2018 Ubelgiji ikasema masanduku ya namna hiyo ni kamari. Kelele zile hazikupigwa na wakongwe peke yao, tusingetosha. Ukimfukuza mgeni leo, siku ya kudai haki mtakuwa wachache.

Kile kijiwe chenu kidogo, kilindeni bila kukificha. Pale pa watu wote jibuni maswali ya wanaoanza, afu muwe na kona yenu ya kuchimba mambo ya ndani, modi, yaani mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na wachezaji, rekodi za kulimaliza gemu haraka, na anayeuliza njia ya kuingia aonyeshwe.

Mwisho tunza vya zamani, hii ni kazi ambayo mkongwe anaiweza kuliko yeyote. Umaarufu hauokoi kila gemu. Utafiti wa Video Game History Foundation wa 2023 ulikuta asilimia 87 ya magemu yaliyotoka Marekani kabla ya 2010 hayauzwi tena mapya na wenye nayo, na mwaka huohuo Machi Nintendo walifunga duka la mtandaoni la mashine zao za 3DS na Wii U. Kwa hiyo diski na kadi zako usizigawe hovyo, zitoe kwenye unyevu, washa mashine mara mojamoja, memori kadi zenye seivu zako, yaani hatua ulizofikia kwenye gemu, nakili zinaponakilika na uandike juu ya kila moja ni ya gemu gani. Dada yangu ameshaomba ile diski ya 2013 aione ilivyokuwa kabla haijapakwa rangi mpya. Nimempa, na konsoli yenyewe nimempa, ila seivu yangu nimeihamisha kwanza.