Blekiberi nyuma ya nyumba: matandazo na kukata

Kama uko na blekiberi hapa Nakuru, weka matandazo kabla jua ya Januari ikaushe udongo, mizizi yake mingi iko juu juu so inaumia haraka. Mabua ya ngano kutoka Njoro ni poa sana, ama ya mahindi ukiyakatakata, mwaga unene wa sentimita 5 hadi 10 lakini usizibe shina, litaoza. Jembe weka mbali, magugu ng'oa na mkono.

Sasa kukata ndio muhimu zaidi: kwa aina nyingi tawi huzaa mwaka wa pili halafu linakufa, kwa hivyo ukishavuna kata hilo la zamani hadi chini, yale mapya funga kwa waya. Ncha zikigusa udongo zinaota mizizi, ziinue mapema.