Kufunga gurudumu la inchi 12 mbele ya skuta ya inchi 10

Mwenye skuta ya magurudumu madogo anajua shida yake: shimo ambalo pikipiki ya kawaida inalipita, yeye linamshika usukani. Ndiyo maana wengi wanataka gurudumu kubwa mbele. Kazi hii inawezekana, ila nakuomba jambo moja kabla hujashika spana. Usinunue rimu na tairi peke yake. Nunua foki nzima, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, na vyote vilivyofungwa juu yake. Kazi mbovu karibu zote ninazoletewa kurekebisha zilianzia hapo: mtu kalazimisha rimu kubwa kwenye foki ndogo, halafu kakata madigadi au kachomelea vyuma kurefusha mikono ya shokapu. Chuma cha mbele kinachokubeba hakichomelewi.

Mfano wangu ni Honda Activa ya India. Activa za injini ya 110 cc za kabla ya 2020 zina tairi la 90/100-10 mbele na nyuma, na mbele shokapu zinachezea kwenye vimikono vifupi karibu na ekseli. Activa 125 ilipotoka 2014 ilikuja na foki ya teleskopi (mabomba yanayoingiana yenye springi ndani) na tairi la 90/90-12 mbele, na mwaka 2020 Activa 6G ikafuata njia hiyo hiyo. Nyuma waliacha inchi 10. Kwa hiyo unachokwenda kufanya, kiwanda chenyewe kilishakifanya, na spea zipo. Skuta yako ikiwa ya aina nyingine, tafuta hivyo hivyo: ndugu yake wa kiwanda kimoja mwenye gurudumu kubwa.

Hesabu kwanza

Kimo cha tairi unakipata kwa kuzidisha inchi za rimu kwa 25.4, kisha unajumlisha ukuta wa tairi mara mbili. Katika 90/90-12, namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni ukuta kama asilimia ya upana huo, ya mwisho ni inchi za rimu. Tairi la 90/100-10 ni 254 + 90 + 90, yaani milimita 434. La 90/90-12 ni 304.8 + 81 + 81, kama 467. Ekseli inapanda nusu ya tofauti hiyo, milimita 16 na kidogo.

Sasa pima foki zote mbili, ya zamani na mpya, kuanzia pale beringi ya chini ya shingo (bomba la fremu ambamo shina la foki linazungukia) inapokaa hadi katikati ya ekseli. Iliyozidi kwa urefu, ijumlishe na zile 16. Jumla hiyo ndiyo pua ya skuta itakavyoinuka. Mimi nikiona inapita milimita 30, siifungi. Pua ikiinuka, shingo inalala nyuma zaidi: skuta inatulia ikienda moja kwa moja, lakini usukani unakuwa mzito kwenye foleni na kwenye kona za taratibu. Milimita 16 peke yake kwenye Activa ya 110, ambayo kati ya ekseli na ekseli ina milimita 1238, hazifiki hata digrii moja. Hizo utazizoea haraka.

Na usitarajie muujiza kutoka kwenye tairi. Ukigonga ukingo wa milimita 50, gurudumu la inchi 10 linaukabili kwa pembe ya digrii 40 hivi, la inchi 12 kwa digrii 38. Nafuu kubwa utakayoisikia mikononi inatoka kwenye foki ya teleskopi yenyewe. Hiyo ni sababu nyingine ya kuichukua nzima.

Vitu vya kukusanya

Foki na shina lake, rimu, haba (kitovu cha gurudumu) na sahani inayobeba viatu vya breki, ekseli na busha zake zote, madigadi ya foki hiyo, waya wa breki na wa spidomita, pamoja na vikombe na gololi mpya za beringi ya shingo. Ukinunua mtumba, viringisha mabomba ya foki juu ya kioo, likiyumba, rudisha. Pima pia unene na urefu wa shina, na mkato pale usukani unapobanwa. Vikitofautiana na vya kwako, hiyo foki si yako, hata kama muuzaji anaapa.

Kufungua

Simamisha skuta kwa stendi kubwa, weka jeki au gogo chini ya fremu hadi gurudumu la mbele lining'inie, na uifunge isidondoke. Ondoa bodi ya mbele taratibu, vibanio vya plastiki vinavunjika upesi. Piga picha njia ya kila waya kabla ya kuuchomoa. Legeza usukani, shika foki kwa mkono mmoja huku ukifungua nati ya shingo, na tandika kitambaa cheupe chini, maana gololi zitamwagika.

Gonga vikombe vya zamani vitoke, ingiza vipya vikiwa vimenyooka, jaza grisi. Usichanganye gololi za zamani na mpya. Ingiza shina la foki mpya, kaza nati ya juu mpaka mchezo uishe, rudisha usukani, kisha jaribu: usukani ukiuachia katikati uanguke wenyewe kushoto na kulia, bila kugota popote.

Jaribio la unga

Hapa usiwe na haraka. Foki ikiwa imesimama wima, fungua vizibo vya juu na utoe springi. Vaa miwani, kwa kuwa kizibo kinasukumwa na springi. Kanda unga wa ngano uwe mgumu, bandika matonge ndani ya madigadi, juu na pembeni, na mengine kwenye bodi nyuma ya tairi. Nyunyizia tairi unga mkavu lisinate. Funga gurudumu, shusha skuta mpaka foki ifike mwisho kabisa, zungusha usukani pande zote. Inua, kata kila tonge kwa kisu, pima unene uliobaki kwa rula. Nataka nione angalau milimita 12 kila mahali. Pungufu ya hapo, siku ukimbeba mtu na kuingia shimoni, tairi litagusa bodi na kufunga ghafla.

Kufunga na kurekebisha

Rudisha springi. Mshale wa tairi ufuate mzunguko wa kwenda mbele. Kaza nati ya ekseli kwanza, bonyeza foki mara kadhaa ijipange, ndipo ukaze bolti za miguu ya foki. Ulimi wa sahani ya breki lazima uingie kwenye kizuizi cha foki. Ukiachwa nje, sahani itazunguka na gurudumu ukishika breki.

Activa nyingi wenzo wa kushoto unavuta breki zote mbili, hivyo rekebisha ya nyuma kwanza, halafu ya mbele. Geuza usukani hadi mwisho kila upande uone kama waya unavutwa. Ukivutwa, ni mfupi, badilisha.

Giya ya spidomita itoke kwenye gurudumu la inchi 12. Ukibakiza ya zamani, ukiwa kwenye 50 halisi itaonyesha kama 46. Linganisha na GPS ya simu.

Taa nayo imeinuka: kwa pua iliyopanda milimita 16, mwanga unapanda sentimita 13 kwenye ukuta ulio mita 10 mbele. Ishushe, usiwapofue wenzako.

Ijaribu kwanza barabara tupu, peke yako, breki polepole kisha kwa nguvu. Mjulishe wakala wa bima kuhusu mabadiliko. Ukifika kilomita 100 hivi, inua tena mbele, shika miguu ya foki uisukume mbele na nyuma. Vikombe vipya hujikalia, kwa hiyo ukisikia mchezo, kaza nati ya shingo kidogo na rudia jaribio la kuuachia usukani.