Rangoli kwanza, kitabu cha hesabu baadaye

Mwalimu mwenye watoto wa Kihindu darasani, Diwali hiyo, sikukuu yao ya taa, yaja Oktoba au Novemba. Picha za kupaka rangi wamezichoka. Watoe barazani (uwanjani mvua za vuli zitawaharibia) wachore rangoli, yaani mapambo ya sakafuni, kwa unga wa mchele, mwingine umetiwa binzari upate manjano. Piga chaki mistari miwili inayokatana. Mmoja achore robo yake, wenzake watatu wairudie kana kwamba wanatazama kioo. Ulinganifu umeingia kichwani. Fanyeni asubuhi, kabla upepo wa Ziwa Victoria haujaamka.

Mkienda Kisiwa cha Saanane hapo ziwani Mwanza, hifadhi ya taifa tangu 2013, wape kazi moja tu: watafute ulinganifu kwenye majani na vipepeo. Pimbi watawavuruga, waache wavurugwe.