Nyoka Wako Akikwamwa na Mayai: La Kufanya Nyumbani, na Wakati wa Kumkimbiza kwa Daktari

Mfugaji akinipigia simu kwamba yai limemkwama nyoka wake, swali la kwanza karibu kila mara ni hili: nilisukumeje litoke? Usilisukume. Mrija wa mayai wa nyoka ni mwembamba, na yai lililokaa muda mrefu hugandamana na ukuta wake. Ukibonyeza, mrija unapasuka kwa ndani. Hutaona damu wala jeraha, lakini kiini kitamwagika tumboni na mnyama ataanza kufa polepole mbele yako. Msaada wa kweli unaoweza kumpa nyumbani ni joto, unyevu, utulivu na kuangalia saa. Mengine yote ni kazi ya daktari wa mifugo.

Nazungumzia nyoka wasio na sumu, hasa yule wa kahawia anayeingia nyumbani kufuata panya, wa jamii ya Boaedon, pamoja na chatu. Moma hahusiki, kwa kuwa yeye huzaa watoto hai. Na kabla ya chochote, hakikisha una kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na asiye na karatasi huogopa kumpeleka nyoka kwa daktari hadi wakati unapita. Anayeumia ni mnyama.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli amekwamwa

Jike mwenye mayai hujivua gamba kabla ya kutaga. Andika tarehe hiyo ukutani. Nyoka wa nyumbani kwa kawaida hutaga wiki moja hadi mbili baada ya gamba hilo. Chatu wadogo wa Afrika Magharibi, wale wanaofugwa sana duniani, huchukua karibu mwezi. Bila tarehe hiyo utakuwa unabahatisha tu.

Kuchelewa kidogo si kukwamwa. Jike anayezungukazunguka kizimba usiku kucha anatafuta mahali pa kutagia. Dalili za kukutia wasiwasi ni nyingine. Ametaga mayai kadhaa, kisha amenyamaza, na bado unaona uvimbe mmoja au miwili sehemu ya nyuma ya mwili. Anajikamua, mkia unainuka, hakuna kinachotoka. Tundu la haja limevimba, au linatoa majimaji yenye harufu. Amelegea mkononi, hajishiki kwenye mkono wako kama alivyozoea.

Uvimbe ulio karibu kabisa na mkia unaweza pia kuwa kinyesi kikavu au madini meupe ya mkojo yaliyoganda. Mara nyingine ni yai lisilo na uhai, dogo, la manjano, gumu kama nta. Hayo nayo hukwama, na hatari yake haipungui eti kwa sababu hayana mtoto ndani.

Hatua ya pili: rekebisha joto leo hii

Hapa ndipo Nakuru na Kisumu zinapotofautiana, na wanaonakili maelekezo kutoka nchi za nje hawalioni hili. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Julai, baridi ya usiku inaweza kushuka hadi nyuzi 10. Misuli ya nyoka hupata nguvu kutokana na joto la nje. Akipoa, misuli inayosukuma yai inalala. Stima ikipotea saa mbili usiku na kurudi alfajiri, jike aliyekuwa katikati ya kutaga anaweza kusimama hapo hapo. Mfugaji wa Kisumu, kwenye mita 1,130 kando ya ziwa, huwa na shida kinyume: sanduku la kioo lililowekwa chini ya mabati hupata joto kali mchana, nyoka anakauka, na yai halipati utelezi wa kupitia.

Weka upande mmoja wa kizimba uwe nyuzi 29 hadi 31, upande wa pili kama 25, ili achague mwenyewe. Pima kwa kipimajoto, si kwa kiganja. Kama unatumia mkeka wa joto, uwe na themostati, kifaa cha kudhibiti joto, maana mkeka usiodhibitiwa huchoma tumbo la nyoka bila yeye kuondoka. Stima ikikatika, jaza chupa za maji moto, zifunge kwa taulo, uziegemeze nje ya kizimba. Jiko la makaa usiliingize chumbani, hata mlango ukiwa wazi. Gesi yake isiyoonekana inaua watu na nyoka vilevile.

Hatua ya tatu: mpe mahali pa kutagia

Jike asiyeona mahali salama huzuia mayai kwa makusudi ya mwili wake, na kadiri anavyoyazuia ndivyo yanavyozidi kukwama. Chukua mkebe wa kasuku, ule wa plastiki wa mafuta ya kupikia, mkubwa wa kutosha ajikunje ndani, toboa kifuniko tundu la kupita mwili wake, lainisha kingo zisimkwaruze. Ndani weka kokopiti, makumbi ya nazi yaliyosagwa, ile wanayouza watu wa vitalu vya miche. Iloweshe, kisha ikamue hadi ishikane mkononi bila kudondosha maji. Uweke upande wenye joto. Funika kizimba kwa kitambaa, zima redio, waambie watoto na majirani waliokuja kutazama warudi siku nyingine. Huko Nyakach, kaunti ya Kisumu, chatu aliyeitwa Omieri aliheshimiwa na kuhusishwa na mvua na mavuno mema, na watu walijua kumwachia nafasi yake. Heshima ya namna hiyo ndiyo jike anayetaga anahitaji.

Hatua ya nne: maji ya uvuguvugu

Kwenye beseni lenye kifuniko kilichotobolewa, tia maji ya nyuzi 28 hadi 30, kina kisichozidi nusu ya unene wa mwili wake. Mwache humo dakika 20, ukiwa umekaa hapo hapo. Tandika taulo chini apate pa kujishikiza. Wengi hunywa, na maji hayo ndiyo yanayohitajika ndani. Mrudishe kwenye mkebe wake, mwache.

Ukiona yai limetokeza kidogo kwenye tundu la haja, unaweza kupaka kingo jeli safi ya kulainisha ya hospitalini. Usivute. Nyama nyekundu ikitoka pamoja na yai, huo ni mrija wenyewe. Ilowanishe kwa maji safi yaliyokolezwa sukari ili uvimbe upungue, ifunike kwa kitambaa chenye unyevu, na uanze safari wakati huo huo.

Hatua ya tano: saa 48

Tangu yai la mwisho litoke, hesabu saa 48. Zikiisha na uvimbe bado upo, mpeleke. Akiwa amelegea au nyama imetoka, usingoje hata moja ya hizo saa. Sababu ya haraka hii ni kwamba siku chache za mwanzo yaliyomo ndani ya yai bado ni majimaji, na daktari anaweza kuyavuta kwa sindano ili yai lisinyae na kupita. Baada ya hapo kiini huganda, sindano haivuti kitu, na kinachobaki ni upasuaji.

Usipite agroveti, duka la dawa za mifugo, njiani kununua sindano. Oksitosini, dawa ya kuchochea uzazi inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe, haifanyi kazi kwa nyoka kwa uhakika kama inavyofanya kwa kobe, na kama yai limeziba njia, dawa inaukaza mrija juu ya kitu kisichotoka mpaka unapasuka. Kalsiamu ya ng'ombe nayo si ya kukisia kipimo. Nawaomba wauzaji pia: mtu akija na swali hili, mwelekezeni kwa daktari.

Madaktari wengi wa huku kwetu wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa, kwa hiyo piga simu kwanza, uliza kama anawashughulikia reptilia na kama ana eksirei au altrasaundi. Wa Nakuru wanaweza kuanzia kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Kesi ya upasuaji huenda ikakulazimu kufika Kabete, kwenye kitivo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Msafirishe ndani ya foronya iliyofungwa fundo, foronya ndani ya ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa, na chupa ya maji moto iliyofungwa taulo pembeni. Kodi gari au omba lifti kwa mtu anayejua umebeba nini. Abiria wa matatu hawajakubali kusafiri na nyoka. Beba kibali, tarehe ya gamba la mwisho, tarehe ya kupandishwa, na idadi ya mayai yaliyokwisha kutoka. Daktari atayauliza hayo yote.

Baada ya kutoka

Osha kizimba, mpe maji safi, mwache siku chache kisha mpe panya mdogo kuliko aliyezoea. Mayai mazuri yaweke alama ya penseli juu na usiyageuze. Kiinitete kimeshika upande wake.

Mtenge na dume. Nyoka wa nyumbani akikaa na dume hubeba mimba baada ya mimba mwaka mzima hadi kalsiamu na nyama ya mwili zinaisha, na hapo ndipo mayai yanaanza kumkwama. Jike aliyenenepa kupita kiasi kwenye kizimba kidogo naye misuli yake ni dhaifu. Mpime uzito kila mwezi, mpe kizimba cha kumwezesha kutambaa na kupanda, na usimpandishe tena mpaka uzito wake wa kabla ya mayai urudi. Kama alifanyiwa upasuaji, muulize daktari kabla ya kumrudisha kwa dume, na akikwambia asizae tena, mfuge hivyo hivyo.