Mnadani, mkono utangulie mdomo

Mimi hununua mboga, matunda na miche mnadani kwa ajili ya kuuza rejareja, na sehemu kubwa ya kazi huwa nimeimaliza kabla dalali hajafungua kinywa. Hufika mafungu yakiwa bado yanapangwa. Najiandikisha, napewa namba, nauliza malipo yanapokelewa kwa njia gani na kama mnunuzi anatozwa chochote juu ya dau. Kama kuna tozo, naihesabu kabisa ninapoandika kikomo cha bei kwenye daftari, maana baadaye akili haitakuwa na nafasi.

Halafu naingia kwenye mistari. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mnadani vyote viwili vimekaa bega kwa bega na vitanadiwa kwa sauti ileile. Usiridhike na sura ya kreti. Ingiza mkono mpaka chini, kwani walio wengi hupanga mazuri juu. Nusa, maana uozo mara nyingi huanzia puani kabla ya kufika machoni. Tazama pia sakafu: kreti inayodondosha majimaji imeshakwambia yote. Kisha jiulize utauza kwa siku ngapi. Matunda yaliyoiva barabara ni mali ya mwenye wateja leo, si kesho.

Miche nayo ina siri zake. Pindua majani utazame upande wa chini, ndiko wanakojificha inzi weupe, vidukari na utitiri. Omba ruhusa uchomoe mche mmoja kwenye kikopo chake. Mizizi myeupe na imara ni dalili njema. Ya kahawia, laini, yenye harufu, achana nayo. Ikiwa imejizungushazungusha mpaka udongo hauonekani, mche umekaa humo kupita kiasi. Na mimi sinunui miche iliyochanua yote kwa pamoja, hata ikipendeza vipi: yenye vitumba ndiyo itakayochanua mikononi mwa mteja.

Sasa sikiliza kanuni za dalali, hasa hili: dau ni la fungu zima au la kreti moja? Minada mingi hunadi kwa kreti moja, kisha bei inazidishwa. Dau likiishia 10 na fungu lina kreti 20, unadaiwa 200, na mara nyingi huna ruhusa ya kuchukua tano ukaacha nyingine. Kuna dalali anayemwachia mshindi achague idadi, na kuna asiyefanya hivyo. Uliza mapema, nyundo ikishagonga, mzigo kwa kawaida ni wako pamoja na kasoro zake.

Kwenye minada ya saa, yaani inayoonyesha bei kwa saa kubwa ya ukutani au ya kwenye skrini, kama ule wa maua wa Aalsmeer huko Uholanzi, mambo yako kinyume: bei huanzia juu ikashuka, na wa kwanza kuisimamisha ndiye mnunuzi. Pale hakuna kupimana nguvu, ukichelewa kidogo umekosa.

Simama pale dalali anapokuona, nyanyua namba yako wazi, na ukifika kikomo tikisa kichwa ili asiendelee kukungoja. Mtu akikuwinda kwa kupandisha kila unapopandisha, mwachie. Mafungu ya mwisho mara nyingi hushuka bei kwa sababu wanunuzi wameshajaza magari, ingawa kilichobaki nacho huwa kimeshashikwashikwa.

Lipa, chukua risiti, hesabu kreti zako kabla ya kupakia. Miche ifunike kwa turubai ukiwa na gari la wazi, kwani upepo wa barabarani hukausha majani hata udongo ukiwa umelowa. Ndizi, nyanya na maembe yanayoiva yasikae karibu na mboga za majani wala maua: hutoa gesi ya ethilini, ambayo hufanya majani yawe ya manjano na maua yanyauke mapema. Ukifika, shusha miche kwanza na uiweke kivulini, halafu zipange mboga upya huku ukitoa yaliyochubuka.