Namna ya Kupanga Matembezi ya Polepole katika Vijiji vya Cotswolds

Cotswolds ni eneo la vilima vya Uingereza ambako vijiji vimejengwa kwa mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, na njia ya miguu iitwayo Cotswold Way hulipitia kwa kilomita 164, kutoka mji mdogo wa Chipping Campden hadi Bath. Wageni wengi hutamani kuimaliza yote. Ushauri wangu ni kwamba msafiri anayetaka mapumziko, wala si mashindano, achukue kilomita 30 za mwanzo tu na azigawe kwa siku tatu, kwa sababu anayetembea kilomita 25 kwa siku hufika kijijini jioni akiwa amechoka, na hana hamu tena ya kuingia kanisani wala kukaa kwenye benchi la uwanjani.

Chagua kipindi cha kati ya Mei na katikati ya Septemba. Mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, hivyo hakuna sababu ya kukimbizana na giza, ilhali Desemba giza huanza kuingia mnamo saa kumi jioni. Mwislamu anayesafiri Juni akumbuke pia kwamba Isha huchelewa mno na Alfajiri huwahi, basi asipange kuanza safari mapema sana asubuhi. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya mgeni kabla ya kuondoka nyumbani. Malazi nayo yawekwe mapema, hasa ya Jumamosi, kwa kuwa nyumba za wageni vijijini ni chache na vyumba vyake huhesabika.

Kutoka London, panda treni katika kituo cha Paddington, ipitayo Reading na Oxford, ushuke Moreton-in-Marsh baada ya muda wa kama saa moja na nusu au zaidi kidogo. Kutoka hapo kuna basi la Chipping Campden. Hakiki ratiba yake kabla ya kusafiri, maana mabasi ya vijijini ni machache na Jumapili hupungua zaidi.

Usiku wa kwanza ulale Chipping Campden. Utajiri wa mji huu ulitokana na sufu ya kondoo, na wafanyabiashara wake ndio waliogharimia kanisa kubwa la Mtakatifu Yakobo. Katikati ya barabara kuu limesimama soko lenye matao, lililojengwa mwaka 1627, na sakafu yake ya mawe imelika kwa nyayo za karne nne. Msomaji aliyezoea nyumba za mawe za Lamu au Unguja atahisi undugu fulani hapa: mawe haya nayo ni zao la bahari yenye joto na kina kifupi, iliyofunika eneo hili zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita.

Siku ya kwanza ya kutembea ni ya kilomita 10 hivi hadi Broadway. Utapanda Dover's Hill, kisha utafuata mgongo wa kilima hadi mnara wa Broadway, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 18 kwenye kimo cha mita 312. Mteremko wa kuingia kijijini ni mkali, kwa hiyo fimbo ya kutembelea itakufaa. Siku ya pili ni fupi zaidi, yapata kilomita 7 hadi Stanton, kijiji ambacho kwa maoni yangu kinawashinda wenzake wote kwa utulivu. Siku ya tatu, ya kilomita 12 hivi, hupita Stanway na magofu ya abasia ya Hailes, iliyoanzishwa mwaka 1246, na kuishia Winchcombe. Karibu na mji huo ipo ngome ya Sudeley, alikozikwa Catherine Parr, mke wa sita wa Mfalme Henry VIII.

Jambo linalomtia wasiwasi mgeni ni kukatiza katikati ya mashamba ya watu. Usihofu: sheria ya Uingereza inampa kila mtu haki ya kupita katika njia za umma, hata zikiwa ndani ya ardhi ya mtu binafsi, mradi asitoke njiani. Mshale wa njano huonyesha njia ya waendao kwa miguu, wa buluu huonyesha njia wanayoshiriki na wapanda farasi, na alama ya tunda la mwaloni hutambulisha njia za kitaifa kama hii. Kila lango liache kama ulivyolikuta. Ukikuta ng'ombe wenye ndama, wazungukie kwa mbali na usipite kati ya mama na mtoto.

Vaa viatu visivyopitisha maji, ambavyo umekwisha kuvizoea, na suruali ndefu, kwani kandokando ya njia huota majani yanayowasha kama upupu. Koti la mvua lisikosekane hata Julai. Mizigo mikubwa huwa na kampuni za kuisafirisha kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine. Muulize mwenyeji wako unapoweka chumba, nawe ubebe begi dogo tu lenye maji, chakula na ramani.

Kuhusu chakula, baa za vijijini ni migahawa pia, na familia zenye watoto hula humo bila mtu kulazimika kunywa pombe. Hata hivyo, nyingi hufunga jiko kati ya mchana na jioni. Nyama halali ni nadra vijijini. Samaki na vyakula vya mboga hupatikana kwa urahisi, lakini uliza chipsi zimekaangwa kwa mafuta gani.

Ukiwa na siku ya ziada, rudi Moreton-in-Marsh na upande basi la Bourton-on-the-Water. Kutoka hapo, mwendo wa kilomita 3 hivi katika ardhi isiyo na milima utakupitisha Lower Slaughter, kando ya kijito, hadi Upper Slaughter, kijiji ambacho watu wake wote waliokwenda katika vita viwili vya dunia walirudi wakiwa hai. Nenda asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajajaza Bourton.