Mazoezi tiba nyumbani baada ya kiharusi: namna ya kuyafanya kwa kufuata tafiti za karibuni

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitali, kazi kubwa ya kurudisha nguvu za mkono na mguu huwa bado haijafanyika, na kwa familia nyingi za Afrika Mashariki kazi hiyo hufanyika nyumbani, huku mtaalamu wa fiziotherapia akionwa kwa nadra. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuzitumia vizuri saa nyingi zinazobaki kati ya kliniki moja na nyingine. Msingi wake ni jambo ambalo tafiti za miaka ya karibuni zimelionyesha kwa njia mbalimbali: kiungo hurudi kufanya kazi pale mgonjwa mwenyewe anapokitumia, mara nyingi sana, katika shughuli anazozihitaji kila siku.

Ninaanza na suala la mashine, kwa kuwa zipo familia zinazouza mali zikiamini kwamba bila mashine mgonjwa hatapona. Utafiti wa LEAPS wa Marekani, uliotolewa mwaka 2011 na kuhusisha wagonjwa 408, ulilinganisha kutembea juu ya mashine ya kukimbilia huku mwili ukishikiliwa na mikanda, na mazoezi ya nguvu na usawa yaliyosimamiwa na mtaalamu nyumbani kwa mgonjwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya washiriki wote walikuwa wameboresha uwezo wao wa kutembea, na hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi. Nchini Uingereza, utafiti wa RATULS wa mwaka 2019 uliwafuatilia wagonjwa 770 na kuona kwamba roboti za kuzoeza mkono hazikuleta matumizi bora ya mkono kuliko huduma ya kawaida. Kiti imara, meza, kikombe na mtu wa kusimama karibu vinatosha kuanzia.

Wakati wa kuanza

Siku ya kwanza si siku ya kumlazimisha mgonjwa kusimama na kutembea kwa muda mrefu. Utafiti wa AVERT wa mwaka 2015, wenye wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi tano, uliwagawa wagonjwa katika kundi lililotolewa kitandani mapema mno na kwa wingi, ndani ya saa 24, na kundi lililopata huduma ya kawaida. Miezi mitatu baadaye, walioishia na ulemavu mdogo au kutokuwa nao kabisa walikuwa asilimia 46 katika kundi la kwanza na asilimia 50 katika la pili. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba vipindi vifupi vinavyorudiwa mara kadhaa kwa siku viliambatana na matokeo mazuri zaidi kuliko vipindi virefu. Kwa hiyo, mgonjwa akiwa bado wodini, fuateni maelekezo ya wauguzi na mtaalamu, na msimwinue kwa siri eti damu ipate kutembea.

Baada ya hapo, hata hivyo, muda una thamani kubwa. Utafiti wa CPASS wa mwaka 2021 uliwapa wagonjwa saa 20 za ziada za mazoezi ya mkono kwa nyakati tofauti, na nafuu kubwa zaidi ilionekana kwa walioyapata kati ya mwezi wa pili na wa tatu baada ya kiharusi. Walioyapata katika mwezi wa kwanza walinufaika kiasi, na waliosubiri hadi miezi sita hawakupata nafuu inayozidi ile ya wasiopewa saa za ziada. Utafiti huo ulikuwa mdogo, wa watu 72, lakini ujumbe wake kwa familia uko wazi: miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ya kupanga zamu za ndugu na kuomba ruhusa kazini. Nayo ndiyo miezi ambayo familia nyingi hupoteza zikizunguka kutafuta tiba nyingine.

Kiasi cha mazoezi

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani na Kanada walikaa katika vyumba vya fiziotherapia na kuhesabu. Katika kipindi kimoja cha kushughulikia mkono, mgonjwa alifanya kwa wastani marudio 32 ya matendo yenye shughuli ndani yake, na katika kipindi cha kutembea alipiga hatua 357. Marudio hayo 32 ni machache mno yakilinganishwa na mamia ya marudio ambayo wanyama wa maabara hufanya ili ubongo wao ubadilike. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2023 unapendekeza angalau saa tatu za tiba kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mgonjwa anayeweza kuzihimili. Hakuna kliniki ya kawaida huku kwetu inayoweza kumpa kila mgonjwa muda huo, na hapo ndipo nyumbani panapohitajika.

Saa hizo zisifanywe kwa mkupuo. Gawanyeni siku katika vipindi vya dakika 15 hadi 20: baada ya chai ya asubuhi, kabla ya chakula cha mchana, jua linapopungua, na kabla ya kulala. Kila kipindi kiwe na kazi moja au mbili tu, na marudio yahesabiwe kwa sauti na kuandikwa kwenye daftari, kwa sababu pasipo hesabu kila mtu huamini kwamba amefanya mengi.

Kusimama kutoka kwenye kiti

Ningeshauri zoezi moja tu kwa mgonjwa anayeweza kukaa bila kushikiliwa, ningechagua hili, maana humjengea mgonjwa nguvu za mapaja na usawa wa mwili, na humpa uhuru wa kwenda chooni. Chagueni kiti kisicho na magurudumu, chenye kimo kinachoziweka nyonga juu kidogo ya magoti huku nyayo zote zikigusa sakafu. Kigoda hakifai kwa anayeanza. Kiti cha plastiki huteleza kwenye vigae, basi kiegemezwe ukutani. Mgonjwa avae viatu vilivyofungwa nyuma, au akae pekupeku. Ndara ziwekwe pembeni.

Msaidizi asimame upande dhaifu, mkono wake mmoja ukishika mkanda imara uliofungwa kiunoni mwa mgonjwa, na goti lake likiwa tayari mbele ya goti dhaifu ili lisijikunje ghafla. Mgonjwa asogee mbele hadi nusu ya kiti, avute nyayo nyuma mpaka visigino viwe chini ya magoti au nyuma kidogo, kisha ainamishe kiwiliwili mbele. Wengi hukosea hapa: huogopa kuinama, hujitupa nyuma na kubaki wamekaa. Mwambie kwa utulivu, "Baba, pua ipite vidole vya miguu, halafu inuka." Akishasimama, anyooke, ahesabu tatu, kisha ashuke polepole bila kujibwaga, kwa maana kushuka taratibu ni nusu ya zoezi.

Mgonjwa atauegemea mguu mzima, yaani ule usioathirika, bila kujua. Dawa yake ni kuusogeza mguu mzima mbele kidogo kuliko ule dhaifu, hapo uzito utalazimika kupita upande wa pili. Anayeshindwa aongezewe blanketi lililokunjwa juu ya kiti ili kimo kipande, na kadiri anavyopata nguvu blanketi lipunguzwe. Anzeni na marudio matano hadi kumi kwa kipindi, mkiongeza taratibu. Zoezi likiwa rahisi, mikono isisukume kiti tena, kisha mgonjwa asimame akiwa amebeba kitu chepesi, kama anavyobeba mtu yeyote anapoinuka mezani.

Mkono

Mkono huchelewa kuliko mguu, na ndugu hukata tamaa nao mapema. Kubinya mpira siku nzima, jambo ambalo wengi huambiwa, humzoeza mgonjwa kukunja vidole ambavyo tayari vinapenda kujikunja. Anachohitaji zaidi ni kunyoosha mkono, kufungua kiganja, kushika na kuachia. Mpeni kazi: kusogeza vikombe vya plastiki kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine, kukunja kanga, kuchambua maharage kwenye sinia, kufungua vifuniko vya chupa. Panga vitu kumi, vihame vyote, virudi vyote, na tayari ni marudio ishirini.

Mgonjwa anayeweza kuinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole kidogo anaweza kunufaika na njia ya kuuzuia mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Utafiti wa EXCITE wa mwaka 2006, wenye wagonjwa 222 walio kati ya miezi mitatu na tisa tangu wapatwe na kiharusi, uliwavisha baadhi yao glavu nene katika mkono mzima kwa muda mwingi wa siku kwa wiki mbili, pamoja na mazoezi ya saa kadhaa kila siku, na nafuu yao iliendelea kuonekana mwaka mmoja baadaye. Nyumbani inatosha kuanza na saa moja au mbili, soksi nene ikiwa mkononi, mgonjwa akiwa amekaa. Asivae anapotembea, kwa kuwa mkono huo ndio utakaomwokoa akiteleza. Njia hii isitumike kwa nguvu katika wiki za mwanzo: utafiti mdogo wa VECTORS wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba waliozidishiwa mapema walipata nafuu ndogo kuliko wenzao.

Ambaye mkono wake haujaanza kusogea kabisa anaweza kutumia kioo. Kisimamisheni wima juu ya meza, mkono dhaifu ukiwa umefichwa nyuma yake na mkono mzima mbele ya uso wake unaoakisi. Mgonjwa atazame taswira huku akikunja na kukunjua mkono mzima, na wakati huohuo ajaribu kuusogeza ule uliofichwa. Mapitio ya mwaka 2018 yaliyokusanya tafiti 62 zenye washiriki 1,982 yaliona kwamba njia hii husaidia mkono kusogea na kufanya shughuli za kila siku.

Bega nalo lilindwe kama yai. Asiinuliwe mtu kwa kuvutwa mkono dhaifu wala kwa kubebwa kwapani, hata na mtoto mwenye haraka ya kumsaidia bibi yake. Akikaa, mkono upumzike juu ya meza au mto. Akilala, uwekewe mto chini yake. Kapi lenye kamba linalofungwa juu ya mlango ili mkono mzima uvute ule dhaifu hadi juu ya kichwa liondolewe: katika utafiti mmoja wa mwaka 1990, asilimia 62 ya waliolitumia walipata maumivu ya bega, dhidi ya asilimia 8 ya waliosogezwa mkono na mtaalamu.

Kuchua, kunyoosha na dawa

Kuchuliwa kwa mafuta kunampa mgonjwa faraja na kumwonyesha kwamba anapendwa, na sioni sababu ya kukukataza, mradi kusile muda wa mazoezi. Kuhusu kunyoosha viungo, mapitio makubwa ya mwaka 2017 yalihitimisha kwamba kumnyoosha mgonjwa, hata kila siku kwa miezi kadhaa, hakuongezi upeo wa viungo kusogea kwa kiwango chenye maana. Dawa ya fluoxetine, iliyowahi kutarajiwa kuharakisha nafuu, ilijaribiwa kwa wagonjwa 3,127 katika utafiti wa FOCUS wa mwaka 2019. Haikuboresha uwezo wao, na waliovunjika mifupa waliongezeka. Isitumike kwa lengo hilo, ingawa daktari anaweza kuitoa kwa sababu ya sonona.

Nafasi ya mtaalamu

Utafiti wa ATTEND wa India, mwaka 2017, uliwafundisha ndugu wa wagonjwa kuendesha mazoezi nyumbani. Kati ya wagonjwa 1,250, waliofariki au kubaki tegemezi baada ya miezi sita walikuwa asilimia 47 katika makundi yote mawili, la waliofundishwa nyumbani na la waliopata huduma ya kawaida. Sioni kwamba matokeo hayo yanazifukuza familia. Yanatuambia kwamba mafunzo ya siku chache hayawezi kuchukua nafasi ya mtaalamu. Nendeni kliniki mkiwa na daftari, mwombeni mtaalamu atazame zoezi likifanywa mbele yake, alirekebishe, na aeleze hatua inayofuata. Mkiruhusiwa kuchukua video ya simu, chukueni, ili dada wa zamu ya jioni afanye kama kaka wa asubuhi.

Kipimo kizuri cha nyumbani ni mita kumi zilizochorwa kwa chaki. Mgonjwa atembee mwendo wake wa kawaida, akiwa na fimbo yake kama anaitumia, na muda upimwe kwa simu. Anayetumia zaidi ya sekunde 25 kwa kawaida huishia kutembea ndani ya nyumba. Anayetumia chini ya sekunde 12 na nusu huweza kwenda sokoni na msikitini au kanisani bila shida kubwa. Pimeni kila baada ya wiki mbili.

Simamisheni zoezi mara moja mgonjwa akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kumkata, maumivu makali ya kichwa au udhaifu mpya, na mpelekeni hospitali. Vivyo hivyo shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, kwa kuwa huenda damu imeganda. Dawa za presha zinywewe kila siku hata nguvu zikirudi.

Walio na kiharusi cha miaka mingi nao wasiachwe. Katika programu ya Queen Square, London, iliyotoa takwimu zake mwaka 2019, wagonjwa 224, wengi wao wakiwa wamepita miezi sita ya mwanzo, walifanya saa 90 za mazoezi ya mkono ndani ya wiki tatu, na nafuu yao ilidumu miezi sita baadaye. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, hivyo hitimisho lichukuliwe kwa uangalifu. Lakini katika RATULS, ambako roboti hazikuleta nafuu ya ziada, kila mgonjwa wa kundi la roboti alipangiwa saa 27 tu, zilizotawanywa katika wiki 12. Ndiyo maana, kwa mgonjwa wa zamani, ni bora kupanga wiki tatu za juhudi kubwa wakati watoto na wajukuu wako likizo, baada ya kuzungumza na mtaalamu, kuliko kufanya zoezi kidogo leo na kidogo wiki ijayo.